Joto la Futi, Joto la Mita

Chai iliyooza ina harufu mbaya kuliko soksi za mvua. Najua, kwa sababu katikati ya miaka ya tisini niliivuta harufu hiyo wiki nzima katika kiwanda kimoja upande wa Bomet, na nilijua imetoka wapi.

Nilikuwa nimetoka tu politekniki na diploma yangu, nikaajiriwa kuwa msaidizi wa injinia. Injinia mwenyewe alikuwa mtu wa koti jeupe lisilo na doa la grisi, na kicheko chake kilianza kabla hujamaliza kusema.

Mwezi huo tulifungiwa kipimo kipya kwenye draya, ile mashine ya kukausha chai kwa hewa moto. Hewa hiyo hupashwa na sahani za chuma zenye mvuke wa boila ndani, na kipimo kilionyesha ni joto kiasi gani linapita kwenye kila mita mraba ya sahani. Kilisoma kwa wati. Kitabu cha draya kilikuwa cha zamani, cha vipimo vya Kiingereza. Kilisema joto lishikiliwe kwenye elfu moja mia mbili, lakini ni BTU, kizio cha joto cha Kiingereza, kwa saa kwa futi mraba.

Injinia aliniambia niandike namba ya kazi kwenye ubao. Nikakaa na kalamu. BTU moja ni jouli elfu moja hamsini na tano. Zigawe kwa sekunde za saa moja, elfu tatu mia sita, unapata wati sifuri nukta mbili tisa tatu. Lakini hizo ni za futi mraba moja, na mita mraba moja inameza futi mraba kumi na robo tatu hivi. Ukizidisha unapata tatu nukta moja tano tano. Kwa hiyo elfu moja mia mbili ya kitabu ni karibu elfu tatu mia nane ya kipimo chetu.

Nikampelekea karatasi. Hakuisoma hadi mwisho.

"Elfu tatu mia nane? Unataka kuchoma kiwanda?"

"Hapana, sir. Kitabu kinatumia futi, kipimo kinatumia mita."

"Joto ni joto. Futi na mita ni mambo ya kushona suruali." Akacheka, akachukua chaki, akaandika 1200.

Nikaikunja karatasi yangu. Nilikuwa na miezi miwili tu kazini.

Chai ilianza kutoka ikiwa laini kama tumbaku. Ukiifinya mkononi ilishikana. Siku ya tatu magunia ya stoo yakaanza kutoa jasho, na nilipofungua moja nikaona utando wa kijivu umetambaa juu ya majani kama manyoya ya panya. Chumba cha kuonja kilinuka. Injinia alionja kijiko kimoja, akatema, akajifuta mdomo kwa leso yake safi, halafu akasema wakulima wanaleta majani mabovu.

Asubuhi iliyofuata karani wa kituo cha kununulia majani alipewa amri ya kukataa. Nilikuwa pale. Mama mmoja aliyetembea kutoka ng'ambo ya mto akiwa na kikapu mgongoni alimwagiwa majani yake matopeni, yaliyochumwa majani mawili na kichipukizi kama inavyotakiwa, mazuri kabisa. Hakulia. Aliinama akaanza kuyaokota moja moja, na injinia akamruka ili asichafue viatu.

Chai ikaendelea kuoza. Sasa mkosaji akawa mzee wa boila, aliyetoka Chebunyo, aliyekuwa akilisha kuni pale kabla mimi sijazaliwa.

"Kuni zako ni mbichi," injinia akamwambia.

"Kuni ni kavu, injinia. Moto iko. Ni wewe unaniambia nifunge mvuke, sindano ya kipimo isipite ile namba ya ubao."

"Unanifundisha kazi?"

Mzee akanitazama. Alijua nilisoma. Mimi nikatazama sakafu. Jioni alifukuzwa, akarudisha glavu zake akaenda.

Sikula siku hiyo. Nilijichukia kama nilivyolichukia lile koti jeupe. Kesho yake nikachukua karatasi yangu, kitabu cha draya na konzi ya chai yenye ukungu, nikaenda moja kwa moja kwa meneja. Niliiweka chai juu ya meza yake. Akarudi nyuma na kiti.

"Hii nini?"

"Ni chai yetu, sir. Tunaipa theluthi ya joto."

Alifuata hesabu kwa kidole, mstari kwa mstari, mara mbili. Kisha akainuka tukaenda kwenye draya, akafuta ubao kwa kiganja chake. Sindano ilipofika elfu tatu mia nane, chai ikaanza kutoka nyeusi, kavu, ikilia kama mchanga. Ile ya magunia tuliifukia shimoni.

Kwenye mkutano wa wafanyakazi injinia alisimama akasema, "Nimegundua hitilafu ndogo ya kipimo." Watu wakapiga makofi.

Meneja alinituma Chebunyo kumwita mzee arudi. Nilimkuta akipeleka ng'ombe majini. Nikamweleza yote.

"Siku ile nikifukuzwa, ulikuwa unajua?" akauliza.

"Nilikuwa najua, mzee."

Aliwaangalia ng'ombe mpaka wakamaliza kunywa.

"Basi ungesema."

Alirudi kazini Jumatatu. Kwa miezi mingi alijibu salamu yangu bila kugeuka, na sikuwahi kumlaumu.