Tulimtoa Ambakisye, Tukasahau Masikio Yake

Penseli nimeining'iniza hapa kwenye ubao wa klabu. Niandikieni matusi, ila leo msinitafute.

Ni mimi niliyeshauri tuwape Iringa mchezaji wetu Ambakisye, watupe yule Mhehe wao mrefu kama mkaratusi. Mpira wa kikapu ni urefu, nikasema!

Leo Iringa wamekuja na lori lao.
Sisi, kama kawaida, tunaelekezana pasi kwa Kinyakyusa wasituelewe.

Kila nikiita, Ambakisye keshafika, mpira kaunyaka.
Na mkaratusi wetu? Kasimama tu: "Mmesemaje?"

Jamani, siri yetu tuliifungasha wenyewe!

Tumefungwa vibaya. Mwishoni Ambakisye akaja kunipa mkono, macho chini.

"Kaka, nilijaribu kutosikia. Lakini ni lugha ya mama."