Siku Nilipopoteza Hesabu Chini ya Gari

Mie ndiye yule aliyepanda na gari juu ya viatu vya watu wa Ijumaa. Kama hamkupata kusikia basi mlikuwa mnaishi mbali na Tanga, maana nilikaa mwaka mzima siwezi kuingia dukani kununua kiberiti bila mtu kuvuta makubadhi yake karibu. Nimeona bora niseme kwa mdomo wangu, mcheke mbele yangu, yaishe.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, nami ni karani kwenye ofisi moja ya mkonge. Nilinunua kigari kutoka kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao, kigari cha mviringo, mlima hakiuwezi, lakini gari! Mtaa wetu mzima wa Mabawa tulikuwa na magari mawili, na hilo la pili halikuwa na injini. Basi nikajiona mtu, nikaposa. Nilimposa Zuhura wa Pangani, niliyemwona mara mbili tu, zote harusini, na hizo mara mbili zilitosha kunikosesha raha. Baba yake alikwisha fariki, mwenye kauli ni ami yake, Mzee Kombo. Mshenga wangu Salimu (rafiki yangu wa tangu chuo cha Kurani, mdomo wake hauna breki) akaenda akanisifu mpaka akapitiliza: "Kijana ana gari lake, na likiharibika hatafuti fundi, hulitengeneza mwenyewe." Mie siku hiyo sijui hata kubadili plagi!

Mzee Kombo akasema hatoi jibu mpaka anione kwa macho yake. Atakuja Tanga Alhamisi, atafikia kwa jamaa zake mtaa wa Usagara, nimchukue kwa gari twende kusali Ijumaa, na baada ya sala atasema ndiyo au hapana.

Jumatano nachungulia chini ya gari, naona mpira wa usukani upande wa kushoto umepasuka. (Kwa msiojua: ile fimbo inayotoka kwenye usukani kwenda kugeuza tairi imevikwa mpira uliojikunjakunja, kazi yake kuzuia mchanga, na mchanga wa Mabawa mnaujua wenyewe.) Nikaenda kwa fundi Kalasinga, akanipa mpira mpya, akasema, "Lete gari, nusu saa tu." Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Nikakumbuka sifa za Salimu, nikasema, "La, nitauweka mwenyewe nyumbani." Fundi akanitazama kwa huruma. "Kile kichwa cha mwisho wa fimbo utakizungusha mpaka kitoke. Hesabu mizunguko. Ukirudisha, rudisha ile ile, maana ndiyo inayonyoosha tairi. Ukipoteza hesabu, usiendeshe. Niite."

Hesabu! Karani mzima naambiwa nihesabu! Nikacheka njia nzima.

Alhamisi baada ya alasiri nikapandisha gari kwa jeki, nikatoa tairi, nikajilaza mchangani, miguu nje karibu na njia wapitapo watu, nikalegeza nati nikaanza. Moja, mbili, tatu, polepole, mpaka saba.

"Hodi humo chini!"

Bi Mashavu, jirani yetu, mtu wa makamo ya bibi yangu. Sasa niambieni, kwetu kuna mtu wa kumwambia bibi wa watu "ngoja kwanza, nahesabu"? Nikasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo? Mama hajambo? Na dada yako aliyeolewa Muheza?"

"Hawajambo wote, bibi."

"Watoto wake wangapi sasa?"

"Wanne, bibi."

Akaenda zake, nami nikaendelea: tano, sita, saba... Lo! Si nilikuwa saba tangu mwanzo? Au nane? Kabla sijajua, maalimu anatoka chuoni, huyo, "Asalaam aleikum!" na salamu hiyo haiachwi ikining'inia, lazima uiitikie, nikaiitikia, akanisimulia habari ya jino lake. Nikarudi kwenye kazi, nikazungusha, nikazungusha, nikashtukia kichwa kiko mkononi. Mizunguko mingapi? Mungu ndiye ajuaye.

Kumwita fundi? Salimu alikuwa amekaa barazani anatazama na nusu ya mtaa. Nikauvika mpira mpya, ukakaa vizuri (hilo sijikosoi, mpira ulikaa), nikarudisha kichwa mizunguko kumi na moja. Kwa nini kumi na moja? Niliona tu ni hesabu yenye heshima.

Ijumaa nikavaa kanzu iliyopigwa pasi, nikamfuata Mzee Kombo, mzee mkavu, mrefu, haongei ovyo. Gari likaondoka na tairi zikaanza kulia. Kwiiii! Nikishika usukani sawa, gari linakwenda upande. Nikitaka liende sawa, inabidi niushike kama mtu anayekata kona.

"Hicho kinacholia ni nini?" akauliza mzee.

"Mpira mpya, ami. Haujazoea."

Mzee akashika mlango. Jasho linanitiririka mpaka kwenye visigino. Tulikwenda kwa mwendo wa kinyonga, tukachelewa, tukafika msikitini khatibu yuko juu ya mimbari. Na mnajua, hotuba ya Ijumaa ikisomwa hakuna kusema; hata kumwambia mwenzio "nyamaza" unajiharibia Ijumaa yako. Msikiti umejaa, watu wamefurika nje kwenye mikeka, kimya, inasikika sauti ya khatibu tu na tairi zangu. Kwiiii! Nikakata kushoto nisimame pembeni. Tairi moja likakubali, la pili likakataa, gari likaenda moja kwa moja kwenye ngazi, kwenye safu ya viatu.

Hakuna wa kupiga kelele! Wazee wazima wananipungia mikono, macho yamewatoka, midomo wameifumba. Mmoja kakokota mkeka na mwenzie juu yake. Mwingine karuka akanyakua makubadhi yake akayakumbatia kifuani, akaketi tena kusikiliza. Nikakanyaga breki, gari likazimika juu ya jozi sita. Mabega ya watu yanatikisika safu nzima, na mie nikashuka, nikaingia kusali. Sala ile sijui Mungu aliipokeaje.

Ilipotolewa salamu ya mwisho, waliokuwa nje walishindwa hata kumalizia dua. Kicheko kilichopasuka hapo, yarabi! Wanaume wanane wenye kanzu wakainua gari kutoa viatu, wakaziona tairi: moja linatazama Pangani, la pili linatazama Mombasa. Mzee Kombo akainama na bakora yake, akagonga tairi moja, kisha la pili.

"Gari hili lina kibla mbili," akasema. "Nani alilitengeneza?"

Salimu akaninong'oneza, "Sema Kalasinga." Na kweli, ulimi ulikuwa tayari. Lakini nilimwona maalimu yuko peku, kashika ukanda wa kiatu chake uliokatika, nikaona haya.

"Mimi, ami. Nilipoteza hesabu, nikaona aibu kuuliza."

Mzee akavaa viatu vyake. Akaondoka kwa miguu mpaka Usagara, nami nikajua Zuhura ndiyo basi tena. Siku kumi sikula chakula nikakisikia ladha, nyie, nilimpenda yule mtoto.

Ya kumi na moja Salimu akarudi kutoka Pangani na maneno ya mzee, kayashika kama yalivyosemwa: "Mwambie binti tumempa, kwa sababu angeweza kumsingizia fundi na hakumsingizia. Lakini hapandi gari lile, na harusini aje kwa basi."

Nikaenda kwa basi, joho limekunjwa mapajani. Dereva alitaka kunikalisha mbele kwa heshima ya bwana harusi, abiria wote wakapiga kelele, "Weka nyuma huyo! Asiguse usukani!" Nikakaa nyuma na magunia ya nazi, nacheka peke yangu.

Tangu hapo gari langu ni la fundi, mie mwenye nalo ni wa kukaa tu. Na jambo likinishinda nauliza siku ile ile, hata mbele za watu, maana aibu ya kuuliza ni ya mtu mmoja, na ile ya kutouliza mji mzima ulinisaidia kuibeba.