Mzinga Ulioandikwa Bunduki

Sitaandika jina la mtu hapa. Wanaonijua watashangaa, maana shule niliacha darasa la tatu lakini majina sisahau. Niulize mtu yeyote wa kijiji chetu kule Ukambani, nitakutajia mpaka nyanya ya nyanya yake. Sababu nitaieleza mbele.

Mjukuu wangu anafanya kazi kwenye makumbusho hapa Birmingham, Uingereza. Kazi yake ni kuhakikisha wanatumia stima kidogo, kwa ajili ya haya mambo ya dunia kuchemka. Stoo yao iko Tyseley, karibu na mtambo wa kuchoma taka, na ndani kuna mashine ya hewa ambayo ilikuwa haipumziki. Januari baridi ile ile, Agosti baridi ile ile, ati vitu vya kale visiharibike. Yeye akawaambia wakubwa wake: tuizime kiangazi hiki tuone kama vitu vitavumilia, na vile visivyojulikana ni vya nani tuviondoe, vinavyobaki vihamie stoo ndogo isiyohitaji mashine. Wakakubali. Vya kuondolewa viliandikwa kwenye orodha, na orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa saa tisa alasiri.

Alhamisi akaja kwangu Acocks Green, akaketi jikoni. Kiswahili anakisikia vizuri, lakini kujibu ni kwa Kiingereza. Neno moja tu la kwetu ndilo limebaki kinywani mwake, ananiita Susu, yaani nyanya.

"Susu, mzinga ni nini?"

"Si wa nyuki?"

"Nyuki? Simu inasema ni bunduki kubwa ya vita."

"Hiyo pia ni mzinga."

Akashika kichwa. Kumbe kwenye orodha kulikuwa na gogo lililotobolewa ndani, limebandikwa karatasi yenye neno moja la wino wa zamani: mzinga. Mtu wa zamani akalitafsiri alivyoweza, gogo likawekwa rafu ya silaha.

"Susu, watu wamelichunguza miaka yote wakitafuta lilikuwa linawashiwa wapi."

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Yeye hakucheka.

"Na linavuma," akasema. "Tulidhani ni mashine. Sasa mashine tumezima, na bado linavuma. Wenzangu wanasema ni ule mtambo wa taka."

"Na wewe?"

"Mimi nimekuja kwako."

Ijumaa asubuhi tukapanda basi. Jua lilikuwa kali, lami inanata kwenye viatu. Ndani ya stoo hapakuwa kama nilivyowazia. Rafu ndefu, vitu vimefunikwa vitambaa vyeupe, na mbao zinalia, ta, moja huku, ta, nyingine kule, kama watu wanaovunja vidole wakikungoja umalize kusema. Mkubwa wao, mama mmoja mzungu mwenye glavu za bluu, akasema tusijali, ni mbao zinazoea joto. Mimi nilishasikia harufu ya nta.

Walipofunua kitambaa nikaona alama kabla sijauona mzinga wenyewe. Mistari mitatu na nusu duara, imechomwa kwa chuma cha moto. Kwetu kila mwenye mizinga ana alama yake. Ile ilikuwa ya mjomba wangu.

Nilikuwa msichana mdogo, nikimshikia mjomba kijinga cha moshi akipanda mtini. Siku moja tukakuta kamba imekatwa, mzinga hakuna, na nyuki hakuna. Tangu hapo mjomba akawa mtu wa kukatiza chakula na kuinamisha kichwa, sikio la kushoto juu, kama anayesikiliza kitu.

"Wanasikia baridi," anasema.

"Kina nani, mjomba?"

"Wangu."

Mchana wa jua, sisi tunatafuta kivuli, yeye amejifunika blanketi mbili. Alikufa akitetemeka, mwezi ambao hata mbuzi walikuwa hawataki kutembea kwa joto. Watu walisema ni malaria. Nami nilisema hivyo hivyo miaka yote, mpaka niliposimama Tyseley mbele ya gogo lile, mvumo wake ukinipanda kwenye meno.

"Unajua ni wa nani?" yule mama akauliza. "Bila jina hatuwezi kuubakiza."

"Ninajua."

"Basi tuambie, tuandike."

Lakini alivyonifundisha mjomba, jina huambiwa nyuki kwanza. Unainama karibu na mlango, unataja jina la mwenyewe, ndipo wanajua hujaja kuiba. Kisha unawaambia, "kaeni." Jina linawaamsha, kaeni linawatuliza. Usiposema kaeni, watatoka kukufuata, wakidhani wewe ndiwe mwenyewe. Ndiyo maana jina lake siliandiki hapa, wala la mwingine yeyote. Sijui nani atasoma kwa sauti, na amesimama karibu na nini.

Nikainama. Nikataja jina. Mvumo ukakatika.

Ulikatika ghafla, hata mbao zikanyamaza. Mjukuu wangu akanishika mkono, akanivuta nyuma, na katika kushtuka kule nikasahau neno la pili.

Wakafungua kifuniko. Masega makavu, vumbi, hakuna nyuki hata mmoja. Mjukuu akaandika jina la mjomba, herufi moja moja nikimtajia, na mzinga ukafutwa kwenye orodha ya kuondolewa. Yule mama alifurahi. Karatasi ya bunduki wakaibandua mbele yangu.

Nilikumbuka neno la pili nikiwa nimeshafika nyumbani, nikivua viatu. Nilikumbuka kwa sababu niliwasikia.

Nilichomoa friji, nikitumaini ndiyo inayovuma. Nikachomoa birika na redio. Jumapili mjukuu akaja, akakuta maziwa yameganda.

"Susu, umezima hata friji? Unataka kunipita kwenye kazi yangu?"

Kisha akainamisha kichwa, vile vile, sikio la kushoto juu. Huyu mtoto hajawahi kumwona mjomba wangu hata kwa picha.

"Ni nini hiyo?"

"Vaa sweta," nikamwambia. Akavaa, na nje jua linawaka.

Mzinga uko Tyseley, umetulia, mashine bado imezimwa, na mjukuu anasema vitu vyote vimevumilia. Ningeweza kurudi niseme neno lile pale, lakini hawapo tena pale. Na nikilisema hapa, hapa ndipo watakapokaa. Nililibeba mdomoni majira yote ya joto. Sasa baridi imeanza, na mjukuu ameshaanza kukunja mabega mezani kama mzee. Ananisihi nipunguze hita, sote tupunguze. Nimezima vyumba vyote isipokuwa jikoni, wasije wakasikia baridi tena. Jana, baada ya yeye kuondoka, nilifunga mlango wa jikoni, nikainama karibu na kabati, nikawaambia kaeni.