Mshumaa Aliousahihisha Nyanya

Nilimwahidi nyanya yangu kwamba siku atakapolazwa sebuleni kwa mara ya mwisho, mshumaa utakaowaka kichwani pake hautatoka dukani. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa nyumba tuliyopanga Sake, mji mdogo chini ya milima ya Masisi, mashariki mwa Kongo, miguu ameinyoosha juani, na alinidai ahadi hiyo kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi.

"Na utanipa niunuse kwanza, wakati ningali hai," aliongeza. "Maiti haisahihishake, bwana yangu."

Kwetu nyanya humwita mjukuu wake wa kiume bwana yake, na humgombeza kama mume. Mimi nilikuwa bwana mwenye diploma. Nilikuwa nimemaliza masomo ya kemia, nikaanza kufundisha katika shule moja ya sekondari, na niliamini kwa moyo wangu wote kwamba kitu kilichopotea hurudi kwa mtu anayefuata hatua zake kwa uaminifu. Nikamjibu kwamba baada ya wiki mbili atakuwa nao mkononi. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu kwa miaka kadhaa. Aligeuza uso kuelekea upande aliodhani nimesimama, akacheka.

Lazima nieleze ulikuwa mshumaa gani. Kabla hatujashuka kutoka mlimani, kwa sababu zilezile ambazo zimewashusha watu wengi wa Masisi na ambazo sitazirudia hapa, kila familia ya parokia yetu ilijitengenezea mishumaa ya sikukuu ya mwanzoni mwa Februari, ile ambapo padri hubariki mishumaa kabla ya misa. Nta yetu ilitoka Itebero, katika msitu wa Walikale. Baada ya mavuno ya maharagwe ya mwezi wa sita, wachukuzi walipanda kwa miguu siku kadhaa wakiwa na asali, mawese na nta, wakarudi na maharagwe yetu. Nta ilikuja katika vipande vya mviringo vya ukubwa wa sahani, vya rangi ya udongo, vimefungwa kwa majani mapana ya msituni. Nyanya aliviweka katika wavu wa kamba za mgomba na kuvitundika juu ya moto wa jikoni, karibu na mahindi ya mbegu, vikakaa huko hadi Januari.

Siku ya kazi aliyeyusha nta katika chungu kidogo kilichokalishwa ndani ya sufuria ya maji. Alitumbukiza kitambaa chenye mchaichai uliotwangwa na majani machanga ya kalitusi. Mtu akichochea moto kupita kiasi, alimwambia, "Hatupike mboga hapa." Tambi zilitokana na nyuzi za kikwembe, yaani kitenge, kilichochakaa, zikasokotwa juu ya paja. Kalibu zilikuwa vipande vya mwanzi vilivyopasuliwa katikati, vikapakwa mawese ndani ili mshumaa using'ang'anie, kisha vikafungwa tena. Asubuhi ya sikukuu tuliandamana kwenda kanisani katika ukungu ambao huoni mgongo wa aliye mbele yako, na kwa kuwa kila nyumba ilikuwa na majani yake na jiko lake, uliweza kujua ni familia gani inayokufuata bila kugeuka. Nadhani hilo ndilo Nyanya alilotaka siku ya matanga yake: mtu akiingia mlangoni, ajue bila kuuliza kwamba huyu ni wa mlima ule, wa nyumba ile.

Huko Sake nilipata nta kwa papa mmoja, mzee wa Itebero, aliyekuwa akija sokoni kwa pikipiki na bidoni zake, madumu ya asali. Nilifanya nilivyofundishwa. Niliiyeyusha katika maji, nikaichuja kwa kitambaa, nikarudia mara tatu, hadi ikawa ya njano na angavu kama siagi. Uchafu wa kahawia uliobaki niliumwaga mtaroni.

"Unamwaga rangi yote," alisema mama yangu, aliyekuwa akichambua sombe, majani ya muhogo, karibu nami.

"Ni uchafu, Mama. Moshi, vumbi, mabawa ya nyuki."

"Sawa, mwalimu."

Nilimpelekea Nyanya mshumaa wa kwanza kwa kiburi nisichoweza kukificha hata sasa. Aliuzungusha chini ya pua, akapitisha kidole gumba pembeni mwake.

"Unanukia muzuri," alisema. Akaunusa tena. "Unanukia dispansere."

Niliurekebisha. Kalibu yangu ya kwanza ilikuwa kipande cha tiyo, bomba la plastiki, nikatafuta mwanzi. Nikapata mawese ya Walikale badala ya mafuta ya dukani. Nikaongeza mchaichai, nikapunguza kalitusi, nikabadilisha tena. Niliandika kila jaribio katika daftari kwa mpangilio wa maabara, vipimo upande wa kushoto, maneno ya Nyanya upande wa kulia. Upande wa kulia haukubadilika sana. *Bado. Bado kidogo. Bado, na umeanza kuharibu.* Jaribio la sita aliliweka mapajani muda mrefu.

"Majani njo yenyewe," alisema, njo ya kwetu ikiwa ndiyo. "Mafuta njo yenyewe. Lakini hii mushumaa haikuzaliwa kwetu."

"Nyanya, ulikuwa unaweka nini ingine? Fikiri vizuri."

"Sikuwekaka kintu ingine. Unafikiri nilikufichaka?"

"Hapana, ila..."

"Bwana yangu, nilitengeneza mishumaa mbele mama yako azaliwe." Akanirudishia. Kisha, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, akasema, "Pengine ni pua yangu njo imezeeka. Pengine ile harufu haikukuwaka hata."

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu lilikuwa likimgharimu nini. Shamba lilikuwa limebaki mlimani na nyumba pia. Macho yalikuwa yamekwisha kwenda. Kilichobaki mikononi mwake ni uhakika wa jinsi kwao kulivyonukia, na mimi, kwa daftari langu na nia yangu njema, nilikuwa nikimfundisha kuutilia shaka. Sikumpelekea jaribio la saba. Nilimwambia nina mitihani ya kusahihisha.

Mwezi wa kumi njia ilitulia, nikapanda mlimani kuwasalimu waliobaki. Nilinyeshewa kabla ya kufika, nikakimbilia jikoni kwa mama jirani yetu wa zamani. Tulikaa asubuhi nzima tukingoja mvua ikatike, tukila viazi vya kuchoma, macho yakitiririka machozi. Jikoni mwake hamna dirisha. Moshi hutafuta njia yake polepole kupitia majani ya paa, na juu ya vichwa vyetu mahindi ya mbegu yalikuwa meusi kama viatu vya padri.

Kesho yake nilishuka Sake, na kabla ya kuweka mfuko chini nikainama kumpa Nyanya mkono. Hakuuachia. Alivuta mkono wa sweta langu, akaufikisha usoni, akaubana hapo.

"Ulikuwa mu jiko ya nani?"

Nikamtajia jirani.

"Anapikia na kuni ya kalitusi. Na mahindi iko juu."

"Iko juu, Nyanya."

"Njo hii," alisema. "Njo hii ilikuwa inakosa." Bado alikuwa ameshika sweta, na nilibaki nimeinama, mgongo ukiniuma, kwa kuwa sikuthubutu kuuvuta mkono wangu.

Hakunificha kitu. Hakuwahi kuuweka moshi. Ulikuja wenyewe kwa miezi sita, mlo baada ya mlo, ukaingia katika nta iliyotundikwa. Hakuna mtu anayetaja katika mapishi kitu ambacho hakukitia kwa mkono wake. Sake tulipikia kwenye mbabula, jiko la makaa, na makaa hayatoi moshi wa kutajika. Na hata ule moshi mdogo ambao nta ilitoka nao Itebero, mimi ndiye niliyeuosha mara tatu na kuumwaga mtaroni, mbele ya mama yangu, nikitoa na somo.

Siku ya soko nilimfuata yule papa wa asali. Alikuwa amenitengea nta safi.

"Papa, leo nipe ile chafu."

Alinitazama, akamtazama mwenziwe. "Miaka yote ninauzisha, hakuna muntu aliniombaka chafu. Mwalimu, masomo imekushinda?"

"Imenishinda, Papa."

"Basi chukua hii, iko chafu kabisa. Hata nyuki iko ndani."

Nilipanda nayo mlimani, na mama jirani akaitundika juu ya moto wake bila kuuliza swali, kana kwamba tumekuwa tukifanya hivyo kila mwaka. Kisha ikabidi kungoja. Mwezi wa kumi na mbili Nyanya alianza kukosa pumzi, tukamlaza hospitali ya Kirotshe, kando ya ziwa. Kila Jumapili mama yangu aliniambia niende kuchukua nta, nami kila Jumapili nilijibu kwamba bado haijashika moshi. Sijui hata leo kama ule ulikuwa uaminifu au ukaidi. Nilijua kwamba nikiwahi mno nitampa tena kitu cha kumtia shaka, na nikichelewa sitakuwa na mtu wa kumpa. Katikati ya Januari sikuweza tena. Nilipanda, nikaishusha nta ikiwa nyeusi kwa nje, na nikatengeneza mishumaa uani. Sikuchuja kitu. Nyuki waliokufa niliwatoa mmoja mmoja kwa njiti.

Wodini hairuhusiwi kuwasha moto. Nikausugua mshumaa katikati ya viganja hadi ukapata joto, nikamwekea mkononi. Aliupeleka puani polepole, akauacha hapo hadi mama yangu akainuka kitini.

"Mahindi imekwisha vunwa?" aliuliza Nyanya. Aliuliza kama tulivyokuwa tukiulizana mtu anapotoka shambani kwetu.

"Imekwisha, Nyanya."

"Muzuri." Kisha kidole chake kikapanda hadi juu ya mshumaa, kikaupima utambi. "Utambi iko munene. Itatoa moshi mu macho ya batu, na batasema ni miye nabaliza. Punguza."

Nikacheka, na mama yangu akacheka huku akilia, na Nyanya akataka kujua kama diploma haifundishi kusokota uzi. Siku hiyohiyo nilitengeneza mwingine, nyuzi tano badala ya nane. Aliunusa, akapima utambi, akaniambia niuweke mahali pakavu.

Aliaga dunia siku nne kabla ya sikukuu. Mshumaa uliwaka kichwani pake, sebuleni kwetu Sake, na haukutoa moshi. Waliolia walilia kwa sababu zao. Mzee mmoja ambaye hatukuwa tumemwona tangu tulipotoka mlimani alisimama mlangoni, akavua kofia, akavuta pumzi, akaingia moja kwa moja bila kuuliza kama hapa ndipo.

Nimebakiwa na mishumaa miwili, na yule papa wa asali hajaonekana sokoni kwa miezi mingi. Mama yangu ameanza kuzeeka, na tayari ameniambia anataka nyuzi tano. Kwa hiyo, wewe unayesoma haya, kama unaishi upande wa Walikale au una ndugu anayevuna asali huko, naomba unitunzie kipande cha nta. Tafadhali, usikioshe.