Shangazi Alijitayarisha Kila Asubuhi

Shangazi yangu, dada mdogo wa baba, alikuwa analima mihogo na kakao nje ya mji mdogo wa Mangina. Kila nilipotoka Butembo kumsalimia, nilimuona asubuhi akifanya kazi zile zile kabla ya kwenda shamba. Alisafisha masufuria yote. Alipika sombe, mboga ya majani ya mihogo, kwa ajili ya jioni, akaifunika. Alikunja kikwembe, kitenge chake cha kanisa, akakiweka juu ya kitanda, mahali ambapo yeyote angekiona. Halafu alisimama mlangoni, jembe begani, akafumba macho.

"Bwana, kama nitarudi, aksanti. Kama hapana, unipokee."

Siku moja nilimuuliza, "Shangazi, hiki kikwembe ni cha nini? Leo hakuna kanisa."

Akacheka. "Mutoto wangu, kama bale ba mapanga bananikuta kule shamba, mutaanza kutafuta nguo ya kunivalisha? Mi nawapunguzia kazi."

"Na hauogopi?"

"Naogopa sana. Lakini tutakula nini?"

Basi, walimkuta kule. Waasi wenye mapanga walitoka porini mchana, wakati alikuwa anang'oa mihogo. Vijana wa kijiji ndio waliombeba mpaka nyumbani. Nilipofika kwa pikipiki kutoka Mususa, mtaa ninaokaa Butembo, jirani zake walikuwa wamekwisha kumuosha na kumvalisha kile kikwembe. Hakuna aliyeuliza kiko wapi.

Mchungaji wake alikuwa amekimbia na familia yake, kwa hiyo tuliletewa muhubiri kutoka mjini. Hakumfahamu shangazi. Alisimama mbele ya sanduku la maiti na kusema, "Wapenzi, huyu mama alitoka asubuhi akijua atarudi. Hakujua saa yake! Je, alikuwa tayari? Na wewe, uko tayari?" Akatuangalia kana kwamba sisi ndio tuliokosa. Kisha akasema wanaotaka kutubu wanyooshe mikono.

Mume wa shangazi akanyoosha mkono. Mzee yule, macho yamevimba kwa kulia, alikuwa anatubu mbele ya maiti ya mke wake, kana kwamba yeye ndiye aliyeshika panga. Hapo sikuweza tena kuvumilia. Nikasimama.

"Muchungaji, unisamehe. Huyu mama alikuwa tayari kila asubuhi, kutupita wewe na mimi. Ile ulizo, uende kuuliza bale balimuua."

Mama mmoja akanivuta nguo ili nikae. "Ikala, dada, ikala. Tuko ku matanga."

"Dada, hasira inatoka kwa shetani," muhubiri akasema.

Ndipo mzee akashusha mkono, akasimama mwenyewe. Kwa sauti ndogo alisema maneno ambayo mke wake aliomba mlangoni, yote, bila kuongeza. Watu wakaitika "Amina", wengi wakilia. Muhubiri akafupisha. Tukaimba kwa Kinande, lugha yetu, tukamzika. Askari walifika baada ya mazishi, wakauliza njia ya kwenda shamba.

Mimi ni Mkristo. Ninaamini mtu anapaswa kuishi akijua ataitwa, asamehe wenzake, na asiache ugomvi nyuma yake. Nimewafundisha watoto hivyo na nitaendelea. Lakini tangu lini mama anapaswa kujikabidhi kwa Mungu wake kama anayekufa ili akalete chakula cha jioni? Si imani inayotudai hilo, hiyo ni dhambi ya watu wengine, na tumeizoea mpaka tunaihubiri juu ya makaburi. Nikiomba siku hizi, ninaomba nimekasirika. Sijasikia Mungu akinikataza.

Mzee sasa anaishi kwangu Mususa. Juzi alisikia kwamba kakao imeiva na watu asiowajua wanaivuna, akaanza kufunga mfuko wake.

"Nitaomba mbele ya kutoka," akaniambia, "kama yeye."

"Hapana, baba. Hauendi."

Tumegombana vibaya, na tangu siku hiyo anakula peke yake.