Nailoni Kwenye Uwanja wa Karafuu

Nyinyi vijana mnaosomea kutengeneza plastiki mpya, na kuzitafutia kazi mpya zile za zamani, kaeni kitako mnisikilize. Mimi nilisoma chuo cha Kurani, na skuli nilikwenda kidogo tu. Lakini nailoni niliihangaikia kabla wazazi wenu hawajazaliwa, nayo ilikaribia kututia njaa.

Ilikuwa miaka michache kabla ya Mapinduzi. Nilikuwa mkaza mwana mgeni huku Mgogoni, na mimba yangu ya kwanza ilikuwa kubwa. Mikarafuu ilikuwa ya mama mkwe, mjane, na nyumba nzima tukiitegemea. Mikarafuu haina adabu ya kuzaa kila mwaka. Ilikuwa imekaa misimu miwili ikitoa majani tu, na sasa imezaa mpaka matawi yameinama. Zikiharibika karafuu hizi, hatuna mchele wala nguo mpaka mti utakapopenda tena.

Kazi ilikuwa hivi. Mume wangu anachuma, sisi wanawake tunachambua, tunatoa makonyo, vile vijiti vyake, tunaanika karafuu kwenye majamvi uwanjani. Jua likizama, ndani. Wingu likitanda, ndani. Na vuli ile mvua ilikuwa ya kuchezea watu: inatia matone, tunakimbia na majamvi, tukishafika mlangoni jua linacheka. Tukitoka tena, ardhi imerowa, hapaanikiki mpaka ikauke. Mama mkwe miguu inamuuma, mimi na tumbo langu. Alobaki mzima ni wifi yangu, dada wa mume, na yeye kazi ya mbio haipendi.

Siku moja wifi akatoka Wete na furushi kichwani. Mumewe alikuwa mchukuzi wa bandarini, na bidhaa nyingine zilikuwa zikija zimefunikwa nailoni kubwa, nyeupe, ukiweka mkono nyuma yake unauona kama ulio ndani ya maji. Aliikunjua uwanja mzima.

"Haya," akasema, "mbio zimekwisha. Karafuu zilale hapo hapo, tunazifunika. Mvua inyeshe mpaka ichoke."

"Wewe uvivu wako umekufikisha Wete," nikamwambia.

"Na wewe tumbo lako litakufikisha wapi, wifi? Utazalia uwanjani na jamvi kichwani?"

Mama mkwe akaishika, akaivuta, akaimwagia maji ya kata. Hayakupita hata tone. Akasema, "Bismillahi, funikeni." Tukafunika, tukaweka mawe pembeni. Mvua ilinyesha. Tulilala wote usingizi wa watoto.

Asubuhi, baada ya sala, mama mkwe alitangulia uwanjani. Nilimkuta ameinua pembe ya nailoni. Juu ilikuwa imerowa kwa mvua. Chini nako imerowa, inadondosha matone juu ya karafuu. Nikatia mkono katikati ya jamvi. Joto, kama kuku anayeatamia. Na harufu si ile kali ya karafuu, ni ya kitu kinachoanza kuchacha.

"Mpeta," akasema mama mkwe. Mpeta ni karafuu iliyochacha kwa jasho lake. Ikikauka inanyauka na kuwa nyeupe, haina mafuta wala mnunuzi wa maana. "Zikigeuka zote, tumekwisha."

Hapakuwa na muda wa kulaumiana, ingawa wifi alilaumiwa. Tulizibeba ndani, tukazitandaza vyumba vyote, nyembamba nyembamba, mpaka juu ya vitanda. Tukazipindua kwa mikono mpaka adhuhuri, zikapoa. Zile za katikati hazikupona. Za pembeni, alhamdulillahi, zilibaki karafuu.

Mama mkwe akaikunjakunja nailoni. "Hii naichoma."

"Mama, usiichome," nikasema. "Haina kosa. Jamvi lina matundu, linapumua. Hii haipumui. Hairuhusu maji kushuka wala jasho kupanda."

"Basi ina faida gani?"

"Ikae chini. Wakati karafuu ziko ndani, yenyewe ifunike ardhi. Mvua ikipita tunaiondoa, pale chini pakavu, tunatandika majamvi papo hapo."

Wifi akaguna. "Kuufunika mchanga! Watu watasema tumekuwa wenda wazimu."

"Waseme. Mchanga hauchachi."

Tulijaribu siku ile ile. Mvua ya alasiri ilipopita, majirani walikuwa wanangojea ardhi ikauke, na sisi karafuu zetu zishakuwa juani. Zilizokuwa salama zikakauka nyekundu, ngumu, ukivunja moja inalia. Mpeta tuliutenga kwa mkono, na haukuwa mwingi wa kutuua. Mwaka ule tulikula.

Jioni ya siku ile ya kwanza tulipoitandika nailoni chini, mama mkwe alikaa, akanyoosha miguu, akasema, "Mkaza mwanangu, uwanja huu amri yako sasa. Mimi nimechoka nao."

Basi nikasimama mlangoni, nikawaambia wote, mume wangu akiwemo: "Nailoni inafunika ardhi, karafuu zinaingia ndani. Mtu yeyote akiona wingu aache alichoshika, hata chungu kiwe motoni. Na wewe wifi, jua linazama, simama uanze kuingiza jamvi lile pale."