Ijumaa za Mwanangu

Siku niliyoupiga teke mlango wa bibi yake mwanangu, pale Malindi, nilikuwa nimevaa buibui na kitabu cha Kiingereza nimekibana kwapani. Mama mkwe wangu wa zamani alinifungulia upenyo tu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mwanao keshajua. Wataka nini tena?"

"Nataka kumwona."

"Wewe uliruhusiwa kusomesha, bibi. Kuonana hakumo." Akafunga.

Ndipo nikapiga teke. Mwanangu alikuwa juu akisoma kwa sauti. Sauti ikakatika.

Tuliachana mimi na baba yake, naye akamchukua mtoto alipotimia miaka saba. Mtoto alikuwa akichapwa skuli kwa jambo moja, apostrofi, kile kialama cha Kiingereza kinachoning'inia karibu na herufi s. Mimi nimesoma sekondari, baba mtu hilo analijua, basi akakubali nije barazani kwao kila Ijumaa alasiri mpaka mtoto ajue. Akishajua, basi.

Nilimfundisha kwa kuku wa bibi yake waliokuwa wakipitapita mbele yetu. Kuku wakiwa wengi tu, "hens", usiweke kitu. Mkia wa kuku mmoja, "hen's", alama kabla ya s. Banda la kuku wengi, "hens'", alama iende nyuma ya s. Haikumchukua muda. Alikuwa akinijibu bila kufikiri, ameniegemea begani, ananichezea pindo la kanga.

Lakini skuli akakosa. Akakosa tena. Kila penye s aliining'iniza alama, hata kwenye "yes". Nikamkaripia.

"Mbona kwangu wajua?"

Akaficha mikono nyuma.

"Nikipata zote, mama, hutokuja."

Nikaivuta ile mikono. Viganja vilikuwa vimevimba. Mwanangu alikuwa akizinunua Ijumaa zetu kwa bakora, na mimi nimekaa pale namkaripia.

Nilimwambia aandike sawasawa, kuja kwangu aniachie mimi. Akaniamini. Akapata zote, na Ijumaa iliyofuata ndiyo hiyo niliyofungiwa mlango.

Kutoka pale sikurudi nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Kadhi, vumbi la mlango bado liko kwenye kiatu. Karani alikuwa mpole.

"Tuandike unaomba kumwona mtoto?"

"Usiandike naomba. Kuomba nshaomba. Andika nashitaki."

"Unamshitaki nani, Bi?"

"Baba yake."

"Kwa lipi?"

"Kwa kumzuia mtoto asimwone mamake. Na andika kwamba mtoto huyo alikubali kupigwa ili anione. Hilo usiliruke."

Kalamu ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

"Na unataka nini?"

"Nataka Ijumaa, kila wiki, Kiingereza anakijua au hakijui."

Nikalisoma shitaka lote. Nikatia saini.